Kulisoma hame kwa detekta: mwongozo wa kutafuta mabaki ya zamani kwenye viambo vya jirani na Dar es Salaam

Siku ya kwanza nilipobeba detekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, kwenda kwenye hame la bibi yangu mzaa mama, huko Kisarawe upande wa Maneromango, nilizunguka juani saa tatu nzima. Nikaambulia visoda kumi na viwili na kipande cha bati. Jioni akaja mzee mmoja wa rika la mjomba wangu, akasimama chini ya mwembe, akauliza natafuta nini. Nilipomweleza, hata mashine hakuitazama. Akasema, "Mwanangu, hapo ulipo ni uani kwa shangazi. Mlango wake wa mbele ulitazama ule mkwaju kule." Shangazi aliyemtaja ndiye bibi yangu. Tukahama hatua kama ishirini, tukavuka kichuguu, na kabla ya nusu saa kwisha tulikuwa na bawaba mbili, ulimi wa kufuli na senti kumi ya mwaka 1952, ile yenye tundu katikati.

Tangu siku hiyo sijawasha mashine mahali popote kabla ya kuzungumza na wazee. Mengi ya yaliyomo kwenye mwongozo huu yanatokana na kosa lile la saa tatu.

Hame ni mahali walipokaa watu wakahama. Kuzunguka Dar es Salaam mahame ni mengi kuliko watu wanavyodhani, na sababu kubwa iko kwenye kumbukumbu za wazee wetu: Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia kijijini. Familia zilizokuwa zimetawanyika kwenye viambo vyao, kila mmoja na minazi yake na kisima chake, zikafunga mizigo. Nyumba za udongo na makuti hazikuchukua miaka mingi kuanguka. Kilichobaki ni miti, vigae, na vyuma vilivyomezwa na mchanga. Ukitoka mjini kwa barabara ya Pugu, ya Kilwa au ya Bagamoyo, au ukivuka Kigamboni ukashuka kusini, huhitaji kwenda mbali kuyakuta.

Hatua ya kwanza: jua sheria inakoishia ruhusa yako

Ninaanza na hili kwa sababu wengi hulifikia mwisho, wakiwa wameshachimba. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kwa sheria hiyo, kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863 ni malikale. Kuchimba kutafuta malikale bila leseni ni kosa, na ukikikuta kitu cha namna hiyo kwa bahati tu unapaswa kutoa taarifa. Milango ya kuchonga ya kabla ya mwaka 1940 nayo inalindwa.

Hame la kawaida la shamba halifiki huko. Sultani Majid mwenyewe alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam kwenye miaka hiyo hiyo ya 1860, na viambo vingi vilivyoachwa wakati wa Operesheni Vijiji ni vya karne ya ishirini. Lakini pwani yetu ina makazi ya zamani zaidi ya mji. Kunduchi kuna makaburi ya kale, Mbuamaji kulikuwa na watu kabla ya Majid, na Kaole karibu na Bagamoyo ni ya zamani kabisa. Sehemu kama hizo usipeleke mashine, hata "kujaribu tu".

Na hata shambani, macho yako yawe wazi. Ukiona vipande vya kauri yenye rangi ya kijani au buluu inayong'aa, shanga ndogo za kioo, au misingi ya mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, zima mashine. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, usiondoe kitu, kisha toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert. Kabla ya safari ya kwanza, mimi ningekushauri upite kwa watu wa mambo ya kale uwaeleze unakusudia kwenda wapi na kutafuta nini. Swali likiulizwa kabla ya shimo kuchimbwa linajibika kwa urahisi. Misitu ya hifadhi, kama Pugu na Kazimzumbwi, nayo haichimbwi. Na dhahabu ni habari nyingine kabisa, ina leseni zake za madini.

Hatua ya pili: ruhusa ya wenyewe

Hakuna hame lisilo na mwenyewe. Nyumba imeanguka, lakini minazi, miembe na mikorosho ina wenyewe, na mara nyingi mwenye miti si yule anayelima muhogo chini yake. Utahitaji kuwaona wote wawili. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, akupeleke kwa mtendaji wa kijiji, ujitambulishe, na uombe barua yenye mhuri. Kisha ndipo uende kwa familia.

Hapa utakutana na hadithi ya mali ya Mjerumani. Kila kijiji kinaijua: Mjerumani alipokimbia alizika sanduku la rupia chini ya mwembe, akaacha alama. Ukitokea na mashine, miwani na vijana wawili, utaaminika kuwa umekuja na ramani. Usicheke wala usibishane. Kaa barazani, washa detekta mbele ya watu, tupa senti chini waisikie inavyolia, wape watoto waishike. Waonyeshe kwamba inasikia sarafu kwa kina cha shubiri moja, si zaidi. Nimeona uso wa mwenyekiti ukilegea pale pale alipoelewa kwamba mashine haioni sanduku lililo mita tano chini.

Mkubaliane mapema, mbele ya shahidi, kwamba kila kitakachotoka ardhini kitawekwa juu ya mkeka mmoja, kitaonwa na wote, na familia ndiyo itakayosema kinabaki au kinaondoka. Mimi sina mazoea ya kuondoka na kitu. Napiga picha, naandika, naacha.

Mtu akikufuata na habari za mashine inayoona dhahabu kwa mita kumi, au akakutaka utoe fedha ya kafara kabla ya kuchimba, au akakwambia cherehani ya zamani ina zebaki nyekundu yenye thamani ya mamilioni, huyo ni tapeli. Watu wameuza viwanja kwa maneno kama hayo.

Hatua ya tatu: soma kiambo bila mashine

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kama una siku mbili, ya kwanza yote itumie hapa.

Kabla hujaenda shamba, pita Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, uingie kwenye nyumba za asili uzione kwa ndani. Tazama mlango ulipo, jiko lilipo, ua unavyofungwa, uchafu unatupwa wapi. Ukishaiona nyumba imesimama, utaitambua hata ikiwa imebaki mchirizi wa udongo.

Hameni, tafuta miti kwanza. Mwembe mkubwa, mkwaju, mfenesi na minazi mirefu iliyopandwa kwa mstari havioti hivyo porini. Ua wa minyaa au mkonge uliosahaulika unaonyesha mpaka wa boma. Kisha inama. Sakafu ya nyumba ya udongo huacha kiinuko kidogo, udongo wake mwekundu au wa kijivu tofauti na mchanga unaouzunguka, na mara nyingi mchwa wamejenga juu yake, kwa kuwa miti ya ukuta ilikuwa chakula chao. Mafiga matatu meusi, maganda ya chaza na vifuu vya nazi vinaonyesha jiko. Shimo lililozibwa na majani laini kuliko kwingine linaweza kuwa kisima au choo. Zungukia mbali, udongo wake unaweza kuporomoka.

Sasa mwite mzee. Msalimie, mkae, umuulize maswali madogo. Mlango ulitazama wapi? Maji mlichota wapi na mlipita njia gani? Nani aliuza vitumbua, na alikaa wapi? Watoto walicheza wapi? Ngoma ilichezwa wapi? Ukiuliza "mali zilikuwa wapi", utajibiwa hakuna mali. Ukiuliza kuhusu vitumbua, utaonyeshwa mahali senti zilipodondoka kwa miaka thelathini.

Jambo moja nililolijua kwa kukosea: ua wa Kipwani ulifagiwa kila asubuhi. Mama zetu hawakuacha jani. Kwa hiyo katikati ya ua, pale unapodhani vitu vingi vilianguka, hakuna kitu. Vidogo vyote, kishikizo, pete, senti ya mtoto, vilisombwa na ufagio hadi ukingoni, na vingine vikaishia jaani. Pita ukingo wa ua taratibu kuliko mahali pengine popote.

Makaburi muulize mzee yalipo, uyazungushie kamba usiyakaribie. Vivyo hivyo mbuyu au mkwaju wa tambiko. Watu waliweka senti pale kwa nia zao, na zile hazikupotea.

Hatua ya nne: mashine na vifaa

Detekta ya kawaida inatosha. Usinunue ya wachimba dhahabu kwa kazi hii. Zile zimetengenezwa kusikia chembe ndogo kwenye udongo mgumu, na nyingi hazitofautishi vizuri chuma na shaba. Unachotaka ni mashine ya kilohezi (maelfu ya mitetemo kwa sekunde) kati ya 5 na 20 hivi, yenye namba kwenye kioo na sauti tofauti kwa metali tofauti.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Ile duara ya chini, sisi tunaiita sahani, ina nyaya mbili zilizoviringishwa. Waya wa kwanza hutoa uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukigusa metali, huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo ule nao hutoa uga wake. Waya wa pili huusikia. Jibu la shaba nene au fedha huchelewa tofauti na jibu la chuma, na kwa kupima kuchelewa huko mashine inakupa namba. Sahani kubwa husikia kina zaidi, lakini mahali penye vyuma vingi huchanganya sauti. Kwa hame, sahani ya wastani au ndogo ni bora.

Vifaa vingine ni vya dukani: mwiko wa fundi uashi wa kuchimbia, jembe dogo, kiroba cha kuwekea udongo, kitafutio kidogo cha mkononi kama unacho, hedifoni, vigingi na kamba, futi, daftari, vifuko vidogo vya plastiki, kalamu isiyofutika. Betri za akiba. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani.

Vaa gambuti. Majani yaliyolala kwenye mahame ni makao ya kifutu, nyoka asiyekimbia mtu. Hulala pale pale hadi umkanyage. Na kuna upupu. Maganda yake yakikauka wakati wa kiangazi, upepo ukipita kidogo tu, mwili mzima utawasha hadi ulie. Muulize kijana wa pale akuonyeshe vichaka vyake kabla hujaanza.

Wakati mzuri ni mwanzo wa kiangazi, masika yakishaisha na ardhi bado ina unyevu. Udongo wenye unyevu kidogo husaidia mashine na huchimbika bila kuvunja kitu. Au subiri shamba lisafishwe kwa ajili ya kupanda.

Hatua ya tano: kupita na mashine

Weka vigingi, funga kamba, gawa eneo vipande vya mita mbili kwa mita mbili. Sawazisha mashine na udongo kwanza: tafuta mahali pasipo na metali, inua na ushushe sahani mpaka sauti itulie. Mchanga mweupe wa Mkuranga ni mtulivu. Udongo mwekundu wa vilima vya Pugu na Kisarawe una madini ya chuma, utapiga kelele. Punguza nguvu ya mashine kidogo, utasikia vizuri zaidi kuliko ukiiacha juu. Karibu na mikoko, chumvi yenye maji itakusumbua vivyo hivyo.

Sahani iende karibu kabisa na ardhi, sambamba nayo, bila kuinuka mwishoni kama ufagio. Kila mpito uingiliane na uliotangulia kwa nusu. Nenda polepole kuliko unavyotaka.

Na hapa natofautiana na wengi: usizime sauti ya chuma. Mashine nyingi zina kitufe cha kunyamazisha chuma, na anayetafuta sarafu atakuambia ukibonyeze. Kwenye hame letu, chuma ndicho ramani. Nyumba ya udongo haikujengwa kwa misumari. Miti na fito zilifungwa kwa kamba, paa likashonwa kwa makuti. Misumari ilitumika mlangoni, dirishani na kwenye samani chache. Kwa hiyo unapokuta kikundi cha misumari, pembeni yake bawaba au komeo, umesimama mlangoni. Geuka, tazama upande mzee aliokuonyesha, hatua mbili mbele ni baraza. Barazani ndipo wanaume walipokaa na kucheza bao, wakatoa senti mfukoni, zikaponyoka kwenye nyufa za udongo. Mtu aliyezima chuma hawezi kuliona baraza hilo. Atazunguka ua mzima akisikiliza visoda.

Kila sauti, weka kijiti. Usichimbe bado. Maliza kipande chote, kisha simama kando uangalie vijiti vimejipanga vipi. Mara nyingi utauona ukuta.

Sauti inayolia upande mmoja wa mpito na kukata upande mwingine, kwa kawaida ni chuma au bati lililokunjika. Sauti ya duara, inayolia sawa kutoka pande zote nne, ndiyo ya kuchimba kwanza. Visoda vitakudanganya, na karatasi za ndani za pakiti za sigara pia. Vumilia.

Hatua ya sita: kuchimba na kufukia

Sarafu ya ukubwa wa shilingi, mashine nzuri huisikia kati ya sentimita 15 na 25. Hutahitaji shimo la kaburi.

Kata majani kwa nusu duara, yafunue kama kifuniko, udongo wote uingie kwenye kiroba. Chimba pembeni ya sauti, usichimbe juu yake. Senti hamsini niliyoikwaruza kwa mwiko mwaka wa kwanza bado ina kovu usoni pa mfalme. Kitu kikitoka, pitisha mashine tena shimoni, mara nyingi kuna cha pili. Pima kina kwa futi. Kisha rudisha udongo, shindilia kwa mguu, funika majani, mwagia maji kidogo. Shimo lililoachwa wazi huvunja mguu wa ng'ombe na huvunja ruhusa ya kila atakayekuja baada yako.

Unapokuwa karibu na mnazi au mkorosho, ukikuta mzizi, acha kitu hicho hapo.

Yale utakayoyakuta

Zaidi ya nusu yatakuwa vyombo vya kazi: jembe lililolika hadi likabaki kama kijiko, panga, shoka, ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi wenye meno, mkono wa ndoo, kipande cha debe la mafuta ya taa, koroboi lililobonyea, burner ya taa ya chemli, kifuniko cha pasi ya mkaa. Usivitupe. Ulimi wa mbuzi ukiukuta karibu na mafiga umepata jiko, na majembe matatu pamoja ni kona waliyoegemeza vifaa. Risasi ya mviringo ya plumbi hutokana na gobori, la mwindaji wa zamani.

Kisha sarafu. Hapa lugha yetu yenyewe inatoka ardhini. Neno *hela* limetokana na heller ya Mjerumani, na *pesa* limetoka India. Sarafu za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilianza mwaka 1890, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 wakabadilisha, rupia ikawa heller 100. Heller moja ni ya shaba nyekundu, ndogo, ina taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na chini herufi A kwa ya Berlin au J kwa ya Hamburg. Heller 5 za mwaka 1908 na 1909 ni kubwa na nzito kiganjani. Za mwaka 1913 na 1914 zina tundu. Heller 10 zina tundu tangu 1908.

Ukikuta sarafu ya shaba iliyopigwa vibaya, imeandikwa D.O.A. na mwaka 1916, ina herufi T, hiyo ilitengenezwa Tabora wakati wa vita, bahari ilipozibwa na Waingereza na sarafu zikakosa njia ya kuja kutoka Ulaya. Tabora hiyo hiyo walipiga dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, takriban 16,000 tu. Ndiyo inayowatia watu wazimu, na ndiyo inayoghushiwa zaidi. Yeyote atakayekuuzia kijiweni, usinunue.

Kutoka mwaka 1921 kuna shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba na milima nyuma yake. Za mwanzo zina fedha robo tu ya uzito, ndiyo maana hutoka ardhini zimevaa kutu ya kijani. Senti 1, 5 na 10 zina tundu na pembe za ndovu. Bibi aliziunga kwenye uzi, akafunga kiunoni. Nimewahi kukuta nne zimeshikana kwa kutu, tundu kwa tundu, uzi umeoza.

Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966, na sarafu za mwaka huo ndizo utakazozikuta juu juu kwenye mahame ya Operesheni: senti 20 yenye mbuni, sumni yenye sungura. Sarafu haikuambii hame lilianza lini. Inakuambia kwamba siku hiyo au baadaye mtu alikuwa bado pale. Kama sarafu ya mwisho kabisa ni ya 1972 na hakuna ya 1977 wala baada yake, familia ilihama na wenzao.

Tahadhari ya mwaka: reale ya Maria Theresa huandikwa 1780 daima, hata zilizopigwa zaidi ya miaka mia baadaye. Na pesa ya shaba ya Zanzibar yenye mizani imeandikwa 1299, kwa hijria, ambao ni 1882. Mtu asiyejua ataiona ya kwanza ni ya kale sana, na ya pili ni ya kale kuliko hiyo. Ukikuta reale, ipeleke kwa wataalamu wa makumbusho, waamue wao iko upande gani wa mstari wa 1863.

Risasi na mabomu

Vita vya 1914 hadi 1918 vilipita pwani hii. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Maganda matupu ya risasi yapo, ya bunduki nene za askari wa Mjerumani za milimita 11 na ya Muingereza. Ganda lenye risasi ndani usiliguse, weka kijiti, mwite mtendaji, yeye aite polisi.

Kwa upande wa mjini hatari ni mpya zaidi. Maghala ya silaha yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mabomu yakaruka na kutua kwenye makazi na mashamba ya watu. Kwa sababu hiyo pande hizo mimi sipiti na mashine kabisa. Popote utakapokuwa, kitu kizito chenye umbo la chupa au yai, chenye mapezi au mkanda wa shaba, usikivute, usikigonge, usikimwagie maji. Rudi kwa njia uliyojia, zuia watoto, toa taarifa.

Hatua ya mwisho: kuosha na kuandika

Sarafu usiisugue. Hata kwa dawa ya meno, hata kwa mchanga, hata kwa limao. Loweka kwenye maji safi, badilisha maji, toa udongo kwa kijiti cha mianzi, kausha kivulini. Kutu ya kijani iliyotulia ndiyo ngozi yake; ukiitoa umetoa na maandishi. Chuma ni kinyume: unyevu unakiua haraka kikishatoka ardhini. Kikaushe kabisa, piga brashi kavu, paka nta, kihifadhi pasipo joto la mvuke wa pwani.

Kila kitu kiingie kifuko chake na namba, na namba hiyo iandikwe kwenye mchoro: hatua ngapi kutoka mwembe, upande gani, kina gani, kimebaki kwa nani. Fanya siku hiyo hiyo kabla ya kupanda gari la kurudi mjini. Ukiingoja kesho, kwenye daladala ya Gongo la Mboto umeshachanganya bawaba ya mlango na ya dirisha.

Tengeneza nakala mbili za mchoro. Moja mpe mtendaji, moja ipeleke kwa mzee. Mzee wa Maneromango nilipompelekea wake, aliukalia kimya kwa muda, kisha akaomba kalamu, akachora chumba cha tatu ambacho mimi sikukiona. Alisema ndimo alimozaliwa dada yake. Msimu uliofuata tulipima pale, misumari sita, na ulimi wa taa ya chemli.